Neno Alilomwachia Mwalimu Stéphane

Kazi ya Mama Annie Kangwa hospitalini ilikuwa kuzungumza. Hakushika kisu wala hakuandika dawa, na vijana waliotoka shule ya uuguzi walidhani amepewa kazi hiyo kwa sababu ya magoti yake mabovu. Yeye alikaa karibu na kitanda cha mtu anayengoja kupasuliwa, akamweleza asile kuanzia saa ngapi, aoge vipi, na akizinduka akohoe huku amekumbatia mto ili mshono usimuumize. Siku ya mgonjwa kurudi nyumbani alimkalisha pamoja na jamaa zake, akawafundisha kuosha kidonda na kutambua dalili za hatari. Watu wa Lubumbashi yote, tangu Makomeno mpaka Luano, walimsalimu njiani wakimwita mama, na mara nyingi hakukumbuka ni akina nani.

Kazi hiyo aliipenda kwa sababu ya kifo. Alipokuwa na miaka kumi na saba, baba yake, fundi wa reli, alimpeleka mama yake Annie hospitali kupasuliwa. Asubuhi mama mdogo wake alikuja na uji wa moto, akamlisha dada yake mpaka bakuli likaisha. Nani angemwacha ndugu yake aingie mahali pale na njaa? Hakuna aliyekuwa amewaambia kitu. Mgonjwa alipolazwa usingizi wa dawa, uji ukapanda, ukaingia mapafuni, na mama hakuamka tena. Tangu hapo Annie aliamini kwamba neno moja, likisemwa mapema, lingetosha kumwokoa. Aliishi kwa imani hiyo miaka ishirini na sita ya uuguzi.

Mwishoni mwa mwezi wa nane akaletwa mwalimu Stéphane. Alikuwa mtu wa Mitwaba, mbali kaskazini, mrefu, mwenye miaka arobaini hivi, aliyekuja mjini kwa matanga ya dada yake. Homa ya tumbo ilimshika matangani, akaificha kwa kuona haya kuwasumbua wafiwa, mpaka utumbo ukatoboka. Alipofikishwa hospitalini tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Walimtundikia maji, na wakati chumba cha upasuaji kinaandaliwa Mama Annie akaja kukaa naye.

"Mama, uniambie kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Nitaamuka?"

"Docteur njo atafanya kazi yake, na Mungu njo anajua. Miye nitakwambia tu yenye utaona ukiamuka. Pengine watatoa utumbo inje, hapa ku tumbo. Mavi itapitia pale, itaingia mu mufuko. Iko ya muda tu, papa. Kisha miezi tatu banaifunga."

Ikawa hivyo. Alipozinduka alitazama tumbo lake mara moja, akageuzia uso wake ukutani, akakaa hivyo siku mbili. Siku ya tatu mke wake, Léa, alifika kutoka Mitwaba juu ya lori, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Mama Annie akawafundisha wote wawili pole pole. Mifuko ya hospitali ilikuwa michache, kwa hiyo aliwaonyesha jinsi ya kutumia ya plastiki ya sokoni na kuifunga kwa mkanda wa kitenge. Léa alijifunza. Akawafundisha pia maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. "Anywe kila siku," alisema. "Utumbo ikiwa inje, maji inakimbia mu mwili."

Siku ya kuondoka, Stéphane aliuliza jambo lililokuwa limemkaa moyoni.

"Na ku masomo, mama? Nitasimama namna gani mbele ya batoto, na hii kintu inajaa katikati ya hesabu?"

Mama Annie aliona aibu machoni pake. Alitaka kumpa kitu cha kushikilia.

"Siku ya kazi, papa, ukule kidogo tu asubuyi. Mufuko haitajaa mbio."

Stéphane akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Mama Annie alirudi kwake Katuba siku hiyo akiwa mwepesi. Alijiambia kwamba mwalimu huyu atapona.

Kila baada ya wiki mbili alimpigia simu. "Iko bien, mama," Stéphane alijibu. "Nimerudia ku kazi." Mwezi wa kumi akasema, "Mufuko hainisumbue tena hata kidogo." Mama Annie akafurahi, akamsimulia Casimir, mkuu wa wauguzi. Hakumuuliza Stéphane anaumwaga mfuko huo mara ngapi kwa siku. Swali hilo alilijua. Aliwafundisha wengine kuliuliza. Siku ile furaha ilimziba mdomo.

Mwezi wa kumi na mbili tarehe ya kufungwa utumbo ikapita, na simu ya Stéphane haikupatikana. Mvua zilikuwa zimekata barabara, kwa hiyo alingoja. Katikati ya mwezi wa kwanza, asubuhi moja, alimkuta Léa amekaa kwenye benchi la nje ya jengo la upasuaji, amenyolewa kichwa, amevaa nguo nyeusi. Hakuhitaji kuambiwa.

"Alienda lini?"

"Siku ya pili ya wiki, mbele ya Noeli. Jua ilikuwa katikati."

Léa alisimulia bila kulia, kama mtu aliyekwisha kumaliza machozi yote. Mwanzoni Stéphane aliruka chakula cha asubuhi tu. Halafu siku moja mtoto mmoja darasani akaziba pua, na wenzake wakacheka. Tangu siku hiyo hakula mpaka jioni. Akaona hata maji yanajaza mfuko, akayaacha pia. Mkojo wake ukawa kama chai, miguu ikakakamaa, macho yakazama. Muuguzi wa kijijini alikuja na chupa mbili za maji ya mshipani, zote alizokuwa nazo. Gari la kumleta mjini halikuweza kupita.

"Nilimwambia akule, anywe," Léa alisema. "Akanijibu: mama Annie njo alisema kidogo. Mama, sikukuya kukugombeza. Nilikuya kusema asante. Ulimuangalia muzuri, na alifwata maneno yako yote mpaka mwisho."

Akaushika mkono wa Mama Annie kwa mikono yake miwili.

Mama Annie angeweza kunyamaza. Mbele yake alikuwa mwanamke aliyesafiri siku nne kwenye matope kuleta shukrani, na shukrani hiyo ndiyo pekee aliyobaki nayo. Lakini aliona kwamba akiipokea atakuwa mwizi.

"Léa, ile neno ilikuwa mubaya," alisema. "Nilipashwa kumwambia akule na anywe, aibu ao hapana. Nilitaka tu acheke. Miye njo nilikosa."

Mikono ya Léa ikalegea, ikarudi mapajani. Alifunga kitambaa chake upya, akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga. Mama Annie alikuwa amedhani ukweli utamtua mzigo. Haukumtua, na sasa mjane alikuwa anakwenda kwao na mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza: kwamba yule aliyemwamini ndiye aliyemponza mume wake.

Wiki iliyofuata alimwomba Casimir ampeleke kwenye chumba cha kufulia mashuka. Casimir hakutaka kusikia.

"Nani atabakia na bagonjwa? Uliwapa watu mia mbili maneno ya muzuri. Moja ilipotea."

"Haikupotea. Ilifika," alisema Mama Annie.

Akabaki na kazi yake. Kanisani alianza kukaa nyuma, na padri alipomsemesha alijibu kwa kichwa. Hospitalini alisoma karatasi ya maelekezo kuanzia juu mpaka chini, kwa sauti moja, bila kuinua macho, bila kuongeza chochote kilichotoka kwake. Wagonjwa walizoea kutomuuliza.

Siku ya nne ya wiki moja alimsomea mama mmoja kijana, Michelle, aliyengojea kupasuliwa uvimbe wa tumboni. Alipomaliza, Michelle akamshika sketi.

"Mama, nikirudia ku nyumba, nitaweza kubeba mutoto yangu?"

Jibu alilijua tangu zamani, tena lilikuwa jepesi: si kabla ya wiki sita, ila unaweza kukaa, mtu akuwekee mtoto mapajani. Lilipanda mpaka kwenye ulimi. Mama Annie akafunga mdomo.

"Utauliza docteur," alisema.

Daktari hangepita tena wodini mpaka siku ya kwanza ya wiki nyingine, na Michelle angepasuliwa kesho yake. Mama Annie alikuwa amefika kitanda cha pili, anasoma mstari wa kwanza, wakati Michelle bado anamtazama.