Sekunde Kumi za Kona ya Matairi

Mimi kosa langu lilikuwa kucheka. Wengine hupewa kitu mkononi, wengine huogopa wakubwa, mimi nilicheka tu, na kwa kicheko hicho nikamnyima mtu pikipiki. Nitaeleza, ila mnivumilie, maana shule yangu iliishia darasa la tatu na sikufika pale wanapofundisha kusema jambo moja likaisha.

Hapa Songea waendesha bodaboda wana mashindano yao ya pikipiki kila mwaka, mahindi yakishavunwa, wakati vumbi limejaa barabarani na baridi ya asubuhi inauma masikio. Wanazunguka mara kumi kwenye njia ya udongo inayopita pembeni ya uwanja, inashuka hadi kwenye daraja dogo, halafu inapanda. Pale inapoanza kupanda kuna kona kali. Wameipangia matairi mabovu yaliyopakwa chokaa, na sheria yake ni moja: pita nje ya matairi. Ukipita ndani umefupisha njia, unaongezewa sekunde kumi. Mwamuzi wa kona akiona, anainua bendera nyekundu na kuandika namba yako. Asipoinua, hakuna kosa. Hata watu mia wakiwa wameona, hakuna kosa.

Mwamuzi wa kona hiyo nilikuwa mimi.

Waliniweka kwa sababu nilikuwa fundi pikipiki tangu zama za zile za moshi wa bluu. Nimetengeneza za mapadri, nimetengeneza za mabwana shamba. Kulikuwa na bwana shamba mmoja wa kule Mpitimbi, pikipiki yake ilikuwa inafika kwangu ina tope hadi kwenye taa, na yeye anasema, "Haina ugonjwa, inakohoa tu." Ukifungua unakuta nusu ya injini haipo. Mtu mwema sana, ila mwongo. Nilikuwa nasema nini? Ndiyo, kona. Waliona sina mtoto anayeendesha bodaboda, sina ndugu anayeshindana, basi nikaonekana mtu wa haki. Na mimi mwenyewe niliamini hivyo.

Mwaka jana, mzunguko wa mwisho, walikuja wawili wamefuatana. Wa mbele alikuwa Mbena wa upande wa Madaba, mtu mzima mwenye maneno mengi. Mimi ni Mngoni. Wangoni na Wabena ni watani. Babu zetu walichomana mikuki mpaka wakachoka, sisi tukabaki na matusi. Mtani akikutukana hukasiriki. Akibeba kuku wako unacheka, halafu unamkomboa kuku kwa kitu ambacho mtani mwenyewe anataja, na hukatai mbele za watu. Asubuhi ile ile alikuwa ameshanipitia pale nilipokaa na bendera yangu.

"Babu, nyie mlikuja kwa miguu kutoka Afrika Kusini. Mambo ya pikipiki mmeyajulia wapi?"

"Nenda kanywe ulanzi wako uanguke mapema," nikamwambia, "tupumzike."

Basi mzunguko wa mwisho akaingia ndani ya matairi. Wazi kabisa, moja alilipiga teke likabingirika. Akapaza sauti, "Mtani, fumba macho!" Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, bendera ipo kwapani. Nilipopata pumzi wote wawili walikuwa wameshapanda mlima, na mkono ukawa mzito. Nikasema moyoni, ah, ni mtani huyu, mtani hashitakiwi. Mbena akashinda, akapewa zawadi ya kwanza, pikipiki mpya nyekundu bado ina nailoni kwenye kiti. Yule aliyekuwa nyuma yake sikumtazama hata sura. Macho yangu yalikuwa kwa aliyenichekesha.

Baada ya hapo mwaka ukapita vizuri. Jirani yangu ni Myao wa Nalasi, anauza korosho hapa mjini, na ana televisheni kubwa kuliko ukuta wake. Jumapili ananiita tuangalie mbio za magari za Wazungu. Gari likimsukuma mwenzake nje ya njia, waamuzi wanampa sekunde tano. Mbio zinazofuata, kosa lile lile, mwingine anapewa kumi. Mwingine anaachwa kabisa, wanasema wameliangalia wameona si kitu. Jirani yangu anakasirika mpaka anasahau chai.

"Wallahi, hawa wanatazama rangi ya gari."

"Si waamuzi hao," namwambia. "Kosa moja, bei tatu."

Nilikuwa nawasema watu wale kwa uchungu wa kweli, na hata mara moja, nawaambia ukweli, sikuikumbuka kona yangu.

Mwaka huu nikasimama pale pale. Mzunguko wa mwisho aliyeongoza alikuwa Mngoni mwenzangu, mtu wa miaka thelathini na kitu, mke na watoto wawili, mpole. Asubuhi alivua helmeti kabisa ndipo akasema shikamoo. Alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu, kama wanavyoendesha wengi, na kila mtu pale alijua anaitafuta ile ya zawadi ili awe na yake. Alikuja kwenye kona mbele ya wenzake, gurudumu la nyuma likateleza kwenye changarawe, akaingia ndani ya matairi, akatoka, akapanda. Bendera yangu ilikuwa juu kabla vumbi halijatua.

Sekunde kumi zikamtoa wa kwanza zikamweka wa tatu. Zawadi ya tatu ilikuwa helmeti.

Watu wakanisifu. Nilisikia kwa masikio yangu, "Mzee hana upendeleo, kamwadhibu Mngoni mwenzake." Nikanyoosha shingo. Sifa ni kama togwa ya moto, unainywa haraka halafu inakuunguza.

Yule niliyemwadhibu alinikuta pale pale kwenye matairi, nakunja bendera. Alikuja kwa miguu.

"Babu, nimekuja."

"Ulikata kona, mwanangu."

"Nilikata. Sibishi. Niliona bora niingie ndani kuliko kuanguka. Sekunde kumi ni zangu."

"Sasa?"

"Mwaka jana si ulisimama hapa hapa?"

"Nilisimama."

"Aliyekuwa nyuma ya Mbena ni mimi."

Nikaacha kukunja bendera.

"Nilifika sekunde mbili nyuma yake," akasema. "Mwaka mzima nimekuwa nikisema, labda mzee hakuona, macho ya uzee. Nikakusamehe. Leo nimeona kumbe unaona vizuri sana."

Nikaketi juu ya tairi. Chokaa ikanishika kwenye suruali, mke wangu aliisema wiki nzima ile suruali. Nikamuuliza kama anataka nikaifute adhabu yake.

"Usifute. Ukifuta, aliyeshinda leo naye ataonewa. Nataka ukaseme la mwaka jana. Nyumbani wanajua nilishindwa. Mke wangu anajua nilishindwa. Sikushindwa."

Hakupaza sauti. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Tukapanda wote hadi kwenye meza ya mwenyekiti wa mashindano, fundi cherehani mmoja anayependa mambo yaishe mapema. Nikamweleza.

"Mzee, ya mwaka jana yamelala," akasema. "Usiyaamshe."

"Yamelala kwako. Huyu hajalala."

"Na watu wakidai turudie matokeo?"

"Waambie babu alicheka."

Nikachukua kipaza sauti. Sijawahi kushika kitu kile maishani, kikapiga mluzi, watu wakaziba masikio. Nikasema mwaka jana kwenye kona ya matairi mshindi alipita ndani na mimi niliona. Nikasema sikuinua bendera kwa sababu ni mtani wangu na alinichekesha. Nikasema leo mtu mwingine amefanya lile lile, sikucheka, nikainua, na mtu huyo ndiye aliyekuwa wa pili mwaka jana. Halafu nikasema namba yake, na kwamba hakushindwa. Nilitaka kuongeza na habari za magari ya Wazungu lakini mwenyekiti akanipokonya kipaza sauti.

Mbena alikuwepo, amekaa juu ya pikipiki yake nyekundu anakula muwa.

"Babu, si ulicheka mwenyewe? Mimi nilikushika mbavu?"

"Nilicheka. Bendera ilikuwa yangu, si yako. Kosa nimelichukua mimi."

Watu wakaanza kusogea karibu, kama wanaosubiri ugomvi. Mwenyekiti alishaanza kukusanya karatasi zake. Ndipo yule mpole akatembea hadi kwa Mbena, akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni.

Mbena akamtazama. Kama ni mtu mwingine angempiga. Lakini huyu naye ni Mngoni, mtani, na watu wote wanaangalia.

"Umekamata, mtani," akasema. "Niikomboe kwa kitu gani? Muwa huu?"

"Jumapili."

"Jumapili nini?"

"Jumapili zote mpaka mashindano yajayo. Wewe unakwenda kusali, mimi naendesha."

Watu wakaangua kicheko. Mbena naye akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki, akacheka kidogo zaidi, halafu akaacha. "Wangoni nyie," akasema, "mnaiba mpaka siku za Mungu." Lakini alikubali, maana angekataa asingepita tena mtaani kwetu. Na ametimiza, isipokuwa Jumapili mbili alipojificha kwa shemeji yake.

Sisemi kwamba haki ilitendeka. Jumapili si pikipiki. Na aliyelipa ni Mbena, wakati mwenye deni kubwa alikuwa mimi, nami sikulipa zaidi ya aibu ya nusu saa. Kosa la watu wawili lilikuwa moja, yangu yalikuwa mawili: nililomsamehe yule, na nililojivunia kwa huyu.

Bendera niliirudisha siku ile ile. Sasa wanasema kona ile itakuwa na waamuzi wawili, na akija mtani wa mmoja, ainue mwingine. Mji huu nani hana mtani, sijui. Wamejaribu.

Jumapili iliyopita yule mpole alinipeleka hospitali na ile pikipiki nyekundu, kwa ajili ya goti langu. Alinifikisha mpaka getini. Niliposhuka, akaniuliza.

"Babu, mwakani kona anasimama nani?"

"Sijui. Ila si mimi."

"Basi nitajiandikisha," akasema, akageuza pikipiki.