Chumvi kwenye Ukuta wa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa, ingawa kazini kwenyewe kulikuwa hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Ilikuwa likizo ya Agosti, hapa kwetu Kisauni. Babu mzaa mama, aliyepaka rangi nyumba za watu mpaka magoti yakamgomea, alikuwa keshakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya chumba cha mama. Kwa heshima ya cheo chake nitamwita Fundi Mkuu. Bibi, aliyechungulia kila mara kuona kama tunachafua sakafu, ndiye Mkaguzi. Mimi nilikuwa wafanyakazi wengine wote.

Mama yuko Uarabuni mwaka wa nne sasa, analea watoto wa watu. Alikuwa ametuarifu kwamba kapewa likizo, angefika Alhamisi baada ya wiki mbili. Chumba chake kilikuwa kimebanduka rangi tangu dari hadi chini, na Babu aliapa kwamba mwanawe hatalala humo akiangukiwa na magamba.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kukwangua. Unashika skrepa, kile chuma bapa chenye mpini, unatoa rangi yote iliyolegea, hata ile inayojifanya imeshika. Ukiitilia shaka, igonge kwa kucha. Ikitoa sauti kama ya ndoo tupu, ishaachana na plasta. Kisha nikapandishwa cheo: kuziba mashimo kwa filla, unga mweupe unaokorogwa uwe kama uji mzito, na kuulainisha kwa msasa ukikauka. Nilikohoa vumbi jeupe hadi Mkaguzi akaniuliza kama nimemeza chaki.

Baada ya hapo ukuta huoshwa. Fundi Mkuu aliniagiza maji ya mfereji, yaani ya bomba, na mfereji uko mtaa wa pili. Kisima chetu kiko nyuma ya jiko, lakini maji yake ni ya chumvi, tunaoshea miguu tu. Nikaupima umbali, nikalipima jua, nikateka kisimani. Ukuta utajuaje?

Ulijua. Siku ya nne baada ya kupaka, rangi ilitoa vipele, na kwenye vipele unga mweupe. Babu akapitisha kidole, akakilamba.

"Zuhura."

"Abee, babu."

"Maji ulichota wapi?"

Nikasema mferejini, tena nikaweka wallahi juu yake. Hakufoka. Alinishika mkono, akapitisha kidole changu mahali palepale.

"Lamba."

Nikalamba. Ilikuwa chumvi ya kutosha muhogo wa mtaa mzima.

"Haya, niambie tena."

Nikamwambia kweli. Akanieleza kwamba chumvi hunywewa na plasta pamoja na maji, na maji yakikauka chumvi hutafuta njia ya kutoka, ikiisukuma rangi. Zilibaki siku sita mama afike.

"Ningekuwa na magoti ningekukimbiza mpaka Bamburi," alisema. "Sina. Shika skrepa."

Tulianza upya. Nilifagia chumvi kwa brashi kavu, nikafuta kwa kitambaa chenye maji matamu, nikangoja ukuta ukauke, nikafagia tena. Madumu yote niliyabeba mwenyewe kutoka mferejini, na kila dumu Mkaguzi alilionja mlangoni, mdomo kaubetua kama hakimu.

Jumatano mkono wa kwanza wa rangi ulikuwa umekauka vizuri, hauna hata kipele. Alasiri mama akapiga simu ya video. Mwajiri wake amebadili nia. Likizo hakuna, na lini itakuwepo hakumwambia. Aliyasema haraka, halafu akauliza tumepaka rangi gani. Nikamgeuzia simu ukutani.

"Ile kona ya dirisha hamjaifikia," akasema.

Simu ilipokatika niliitumbukiza brashi kwenye ndoo ya kuoshea. Kazi imekwisha, niliona.

"Itoe," Babu akasema. "Mkono wa pili."

"Babu, haji."

"Nimesikia. Anza na ile kona."

Sikuwa na mzaha siku ile. Nilipaka polepole, kutoka juu kwenda chini, na sijawahi kufanya kazi safi kama ile.

Nilistaafu Jumatatu, shule zilipofunguliwa, nikiwa na miaka kumi na sita. Kama wastaafu wote, najidai sasa: ukuta wa darasa letu umebanduka, na mwalimu akiandika ubaoni kucha zinaniwasha kuugonga. Lakini kwa kweli natamani zile siku za kukwangua, nikilaumiwa tangu alfajiri, tulipokuwa tukihesabu siku za kufika Alhamisi.

Juzi jirani alikuja kuuliza kama kile chumba kizuri kiko wazi, mpwa wake apange. Babu hakuinua hata macho kwenye kahawa yake.

"Kina mwenyewe," alimjibu.

Nami nikaenda kulifungua dirisha. Rangi imekauka zamani, lakini mtu akirudi asikute chumba kinanuka.