Sahani za Kuazima

Asubuhi za Élisabethville nazikumbuka katika ukungu: baridi ya kiangazi cha kwetu, moshi wa kiwanda cha shaba ukielea juu ya mapaa, na mdogo wangu akilia kwa sauti ndogo, utadhani yuko nyumba ya tatu. Hakuwa mbali. Alikuwa mgongoni kwa mama, na maziwa ya mama yalikuwa yamekauka.

Baba alikuwa fundi cherehani. Kifua kilimlaza msimu ule wote, cherehani ikakaa imefunikwa kitambaa. Majirani walijua anaumwa. Kwamba tunashindia majani yaliyochumwa kando ya mto Naviundu hawakujua, maana mama alikuwa bingwa wa kusema, "Tuko muzuri."

Mdogo wangu alipopimwa kwenye zahanati, muuguzi hakupenda alichokiona kwenye mizani. Akamwambia mama kwamba madamu wa ofisi ya misaada atakuja kutazama nyumba yetu. Akiona tuna shida, mtoto atapewa maziwa ya unga kila juma.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mama akajiandaa kumpokea mgeni kama alivyofundishwa na watu wake wa Maniema, ambao hawamwonyeshi mgeni njaa. Tulikuwa na jirani, mama mchanga aliyekuwa akinyonyesha, aliyemwita mama yangu yaya, yaani dada mkubwa. Kwake mama akaazima sahani za maua, kiti chenye mto, kitambaa cheupe cha meza, hata majani ya chai na sukari. Alisugua sakafu hadi nikaogopa kuikanyaga. Nami nikawa nazunguka humo ndani kama niko ndotoni, nikigusa kile na hiki, nikiamini tumetajirika. Nilifurahi sana, sitaki kudanganya.

Madamu akaja, akanywa chai, akatazama huku na huku. Alikuwa mpole. Hadi leo nashindwa kumchukia, ingawa nimejaribu.

"Mama, nyumba yako iko muzuri sana," akasema. "Bengine beko na shida kupita weye."

"Aksanti, madamu," mama akajibu, na kwa kitambo uso wake ulijaa fahari. Kisha akaelewa. Hao wengine ndio watakaopewa. Madamu alikuwa ameshatoka, na maziwa yakaenda naye.

Sasa mimi ni mzee, na nikisikia wakubwa redioni wakipanga namna ya kuwainua maskini, hasira hunipanda. Mipango yao siikatai; maziwa yale yalikuwepo kweli. Lakini msaada unaokuja kukagua umaskini kwa macho utawakuta watu wamekwisha kuuficha, maana ndivyo walivyolelewa. Mizani ilikuwa imeshasema. Kulikuwa na haja gani ya kutazama vitambaa vya meza?

Zikabaki sahani. Kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu. Walau utie kiazi, walau chumvi. Mama aliziosha, akazipangusa, akazunguka nazo jikoni akitafuta cha kuweka. Mwishowe akanikabidhi hivyo hivyo tupu, akageuza uso.

Jirani alizipokea, akatazama ndani.

"Sahani zinarudia bule?" aliniuliza polepole. "Kwenu kuko nini, mutoto wangu?"

"Hakuna kintu, mama," nikamjibu.

Alimfunga mwanawe mgongoni, akavuka ua, akaketi kwenye mkeka wetu. Akamchukua mdogo wangu mikononi mwa mama, akampa ziwa lake. Nilisikia mtoto akimeza, na sijasikia tena sauti tamu kama ile.

Mama akajifunika uso kwa kitenge, akalia.

"Niliogopa mugeni aone tuko maskini," akasema.

"Yaya," jirani akamjibu bila kuinua macho, "ile umaskini njo alikuya kuona."