Sisimizi wa Kuonja Maharagwe

"Shosho, toa mkono kwa sufuria yangu! Unataka kuniulia bwana?" Jirani yangu hapa Kibomet ananifokea, na mimi, bibi kizee wa watu, nilitaka tu kutia kipande cha sukari nguru, maharagwe yapate utamu. Tangu daktari amwambie sukari ya mzee wake ikipanda tena mguu utakatwa, hapiki kingine ila maharagwe, nyama ya kusaga na pilipili, ile iliyomfukuza jogoo wangu akikohoa hadi Moi's Bridge. Kenya nzima inapigia kura katiba mpya, ndizi alama ya ndiyo na chungwa ya hapana. Yeye amefukuza zote mbili nyumbani. Ulimi wake mwenyewe hauamini. Anadondosha mchuzi juu ya jiwe, anapiga magoti, anaita sisimizi kwa sauti ya kuita kuku. Wakionja, basi kuna sukari, anamwaga sufuria nzima. Wakipita bila kugusa, anapangusa kwa leso vidole vyake vilivyovimba kwa pilipili, anacheka.

Leo wamepita. "Umeona, shosho? Mguu umepona!"

Hapo mzee anaingia, kofia mkononi, anauliza kama chakula kimeiva. Sisimizi wanageuka, wanapanga laini, wanapanda suruali yake hadi mfuko wa koti, ambapo gazeti lililofungia mandazi ya sukari linachungulia. Jirani anaweka mwiko chini.