Meno Mapya Yenye Sura ya Kizee

Fundi wetu wa meno ya bandia hampi mtu mwenye mvi meno meupe pee. Kwanza hukutazama unavyocheka, kisha huchukua brashi nyembamba akayatia umanjano kidogo, akayapunguza ncha kwa tupa, huku anapiga mluzi na vumbi limemjaa kwenye nyusi. "Bibi, ukicheka na meno ya mtoto, watu watajua umeyaazima," huwaambia wateja.

Juzi nilimsindikiza shemeji yangu, mchungaji asiyekubali kushindwa hata akiwa kibogoyo. Alipoyaona meno yake akafurahi kupita kiasi. "Fundi, umenipa mahubiri! Mungu naye aliumba dunia juzijuzi tu, akaipa milima ya kizee na mifupa ya kale ndani ya miamba. Nani atamwita mwongo?"

Fundi akacheka mpaka akashika meza. "Mimi sijakuficha, mchungaji. Unajua yametoka leo, na rangi hii ni ya kukupendeza."

"Basi nitilie na ufa hapa mbele, kama jino langu lililopasuka nikiguguna mfupa."

Mluzi ukakatika. Sijawahi kumwona fundi akitazama kazi yake kwa muda mrefu vile.

"Jino hili halijawahi kuona mfupa," alisema taratibu. "Uzee nitalitia. Kisa ambacho halikupitia, mkono wangu unakataa."

Shemeji akayavaa, akayagonganisha. "Na Mungu je, mkono wake haukukataa ile mifupa ya kale?"

"Muulize mwenyewe," fundi akasema, mluzi ukirudi. "Sasa una meno ya kusemea."