Medali za Neema chuoni

Leo nimeingia chuo kikuu na medali zote za mjukuu wangu shingoni.

Kwetu mtoto akishinda, bibi yake ndiye anayetembea na ushindi. Neema alinisihi nizivue getini. Nikakataa.

Nikamwambia dada wa mapokezi, "Huyu anataka unesi. Darasa la saba na la nane hakuna aliyempita."

"Hongera, Gogo," akasema; ndivyo bibi anavyoitwa huku. " Ila sisi tunaangalia alama za darasa la kumi na moja na la kumi na mbili."

"Kwa hiyo hizi mnazitupa?"

"Hatuzitupi, Gogo. Hatuziulizi." Akamgeukia Neema. "Hisabati ya mwaka jana ulipata ngapi?"

Neema akaitazama foleni nyuma yetu. 

"Thelathini na moja kwa mia," akasema, macho kwenye viatu.

Eish. Mimi aliniambia iko sawa.

Nikamvuta nje, maneno makali yako tayari mdomoni. Akanitangulia.

"Bibi, kila mgeni akija unamwonyesha medali. Ningekuambiaje kwamba hisabati imenishinda?"

 Nikamkumbatia pale pale mlangoni, akalalamika kwamba medali zinamchoma.

Mimi sijakaa darasani hata siku moja, siwezi kumfundisha. Lakini mitihani ya mwisho bado, na sitamwangalia tu akianguka.

Nani hapa mtaani Umbilo anafundisha hisabati ya darasa la kumi na mbili? Niandikieni hapa chini. Sombe, yale majani ya muhogo, na samaki juu yangu.

Ila asiwe mkali. Mkali nyumbani tayari tunaye.