Mistari Miwili Kwenye Vumbi

Juzi nilimkuta mama mmoja Kwamsisi akitafuta gari la kupeleka magunia yake thelathini ya mahindi Korogwe. Dereva wa kwanza alitaka elfu mbili kwa gunia. Wa pili alitaka elfu ishirini za kukodi, kisha elfu moja kwa kila gunia.

"Wa kwanza ndiye nafuu," mama akasema.

Binti yake wa kidato cha pili akachora mistari miwili kwenye vumbi.

"Mama, huu wa dereva wa kwanza unaanzia sifuri. Huu wa pili unaanzia juu, lakini unapanda taratibu. Inakutana kwenye gunia la ishirini, na sisi tuna thelathini."

Mama akatutazama sote, kidevu juu.

"Huyu nimemzaa mimi!"

Akamwambia wa pili apakie. Zile elfu kumi alizookoa hata hakuzitaja.